Rotax 912 pale Usagara: injini nzima, matatizo yote kwenye mipira na nyaya

Watu wakisikia kuna ndege inaundwa kwenye banda Usagara, hapa nje kidogo ya Mwanza, swali la kwanza huwa "itaruka kweli?" na la pili "hiyo injini mmeitoa wapi?". La kwanza silijibu, hilo ni la TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) na mkaguzi wao, mpaka makaratasi yakamilike haitoki pale hata kwa kusukumwa. La pili jibu lake ni jepesi, imekuja mpya kwenye kreti. Ila swali lenye kazi hakuna anayeuliza, kwamba injini ikishakaa kwenye maunti yake nani anailetea oili, nani anailetea petroli, moto wa plagi unatoka wapi, na hewa? Kiwandani wameijaribu ikawaka vizuri, we ukaipokea, kuanzia hapo kila mpira, kila waya na kila klipu ni mikono yenu nyie pale bandani. Kwahiyo ikigoma mi siamini kabisa mtu anayekimbilia kufungua kabureta. Naanza na tulichofunga sisi.

Kwa wasiojua, ndege yenyewe ni Zenith CH 701, ile iliyobuniwa na Chris Heintz, viti viwili, mabawa juu, alumini mwili mzima na riveti za kuvuta mpaka kiganja kinakufa ganzi. Mwenye nayo ni mzee mstaafu mwenye subira kuliko mtu yeyote ninayemjua. Mi kazi yangu ni majenereta na magari, niliitwa kwa ajili ya umeme nikabaki.

Injini ni Rotax 912 ULS. Silinda nne, mbili kila upande zimelala, ujazo wake sentimita 1,352, inatoa nguvu za farasi 100 ikizunguka mara 5,800 kwa dakika. Hiyo spidi propela haiiwezi, ncha zake zingepita spidi ya sauti, ndo maana mbele kuna gia boksi ya 2.43, yaani injini ikiwa 5,800 propela inazunguka karibu 2,390 tu. Vichwa vinapozwa na maji, silinda zenyewe zinapozwa na upepo. Kabureta ziko mbili, plagi mbili kila silinda na mifumo ya moto iko miwili isiyotegemeana. Alafu kitu kinachowachanganya mafundi wa magari, oili haikai chini ya injini, ina tenki lake pembeni, na kurudi kwenye tenki hairudi kwa pampu bali inasukumwa na ule upepo unaovuja kupita kwenye pistoni kuingia chini ya injini.

Hilo la oili ndo la kwanza, maana ukikosea hapo hupati nafasi ya pili. Injini mpya, mipira mitupu, kipoza oili kitupu, ukipiga stata tu tapeti za ndani ambazo zinajazwa oili zinagongana na hewa na zinaharibika kabla hujasikia chochote. Kwahiyo mwongozo unataka utoe hewa kwanza. Tulitoa plagi moja kila silinda ili propela izunguke kirahisi, tukajaza tenki, tukaziba mlango wa mpira wa kurudi, tukaingiza upepo wa kompresa kwenye tundu la pumzi la tenki, usizidi bar 1, na kompresa ya pale ni ya kujazia matairi kwahiyo nilisimama mwenyewe kwenye regyuleta kama mlinzi wa benki, sikumruhusu mtu. Dogo mmoja akawa anazungusha propela kwa mkono, upande ule inaozungukia ikiwaka, kinyume hapana hata kidogo maana unarudisha hewa. Mzunguko baada ya mzunguko geji imelala. Mzee amekaa kwenye ndoo anaitazama. Tulipokaribia mizunguko ile wanayoitaja kwenye mwongozo, kama 20, sindano ikatikisika, ikainuka, ikashuka, ikainuka tena ikakaa. Mzee akasema "imekunywa". Baada ya hapo unatoa ule upepo taratibu kabla ya kufungua mfuniko, la sivyo unaoga oili. Alafu unafungua vifuniko vya valvu unakandamiza roka kwa kidole gumba moja moja, ikibonyea zaidi ya nusu milimita ujue tapeti hiyo bado ina hewa, rudia kazi. Zetu zilikuwa ngumu kama jiwe, tukafunga.

Sasa kuwasha. Gogo mbele ya matairi, kamba ya nanga mkiani imefungwa kwenye mti, mtungi wa kuzimia moto mlangoni, watoto wote wa jirani nyuma ya ukuta. Mzee akapiga stata. Propela ikajikokota, ikapita mgandamizo mmoja, wa pili, ikapumzika. Tena. Hata kukohoa haijakohoa. Papo hapo kila mtu akawa daktari, plagi feki, koili imekufa, petroli ina maji.

Hizi injini moto wake unatengenezwa na jenereta ndogo ya ndani, hautoki kwenye betri, na moduli zake (vibokisi vinavyotoa umeme wa plagi) zinahitaji injini izunguke angalau 220 kwa dakika ndo zitoe cheche. Ikizunguka 150 plagi haitoi kitu hata uweke mpya za kila aina. Kwahiyo stata inayojikokota unaiona ni tatizo la stata kumbe imekunyima na moto, matatizo mawili kwa bei ya moja, na mtu asiyejua anaishia kununua moduli ya bei mbaya kwa sababu ya waya.

Nilichofanya ni kuchukua mita, nikaweka kwenye volti, ncha moja kwenye nguzo ya chanya ya betri yenyewe (nguzo, sio klipu) na ncha nyingine kwenye bolti ya stata, nikamwambia mzee piga. Volti zilizopotea njiani zilikuwa ndogo, sawa. Nikahamia upande wa hasi, nguzo ya betri mpaka kwenye mwili wa injini, piga. Zaidi ya volti 2! Yaani betri ya volti 12 inalipa ushuru wa volti mbili kwenye erthi peke yake. Betri ya hiyo ndege iko nyuma ya viti ili kubalansi uzito, waya ni mrefu, na erthi inapita kwenye ukuta wa moto (bati linalotenga injini na viti) mpaka kwenye injini ambayo yenyewe imekaa kwenye mipira ya maunti, mpira haupitishi umeme.

Ule waya ulinunuliwa duka moja mjini, duka silitaji, umeandikwa vizuri kabisa milimita 25 na gamba lake ni nene linapendeza. Niliukata ncha nikakwangua nyuzi kwa wembe. Rangi ya kopa ikatoka, chini yake nyeupe. Alumini iliyopakwa kopa. Na hata hiyo alumini ukiondoa lile gamba nene nyuzi zake ukizikusanya hazifiki nusu ya kilichoandikwa. Nikachoma uzi mmoja kwa kiberiti cha gesi ukalegea ukadondoka, kopa haifanyi hivo. Waya wa namna hii umejaa sana sokoni, spika za kwenye gari wanafunga huohuo na hakuna anayelalamika, ila kwa stata ya ndege mi siuwekei. Tulipata waya wa kopa tupu kutoka kwa fundi anayevunja mashine za welding, mzito mpaka unausikia kwenye bega, nikabana viatu vyake (vichwa vya kufungia bolti) kwa haidroli, nikaongeza mkanda wa erthi kutoka injini hadi ukuta wa moto, nikapima tena ikashuka chini ya robo volti. Mzee akapiga stata, ikalia wiii, ikawaka kabla hajasema lolote.

Dakika ya kwanza macho yako yawe kwenye kitu kimoja tu, presha ya oili. Isipopanda ndani ya sekunde 10 unazima, hakuna mjadala. Ikiwa ya baridi inaweza kugusa hata bar 7, ikipata moto na mizunguko imepita 3,500 inatakiwa iwe kati ya 2 na 5. Yetu ilikaa kwenye nne na kidogo.

Ila sailensi yake (ikizunguka pole pole bila akselereta) ilikuwa mbaya, propela inatetemesha mpaka vioo, gia boksi inapiga kelele ya meno. Hiyo ya kawaida kwa kabureta mbili ambazo hazijalinganishwa, upande mmoja unavuta zaidi ya mwenzake, na usipolirekebisha gia boksi ndo inayolipa. Pia hazitakiwi kuachwa chini ya 1,400 kwa sababu hiyohiyo. Geji maalum za kupimia mvuto hatukuwa nazo. Tulichukua mpira wa levo, ule mweupe wa maji wa mafundi ujenzi, tukaupinda umbo la U ukutani kwenye ubao, tukaweka oili ya boti ndani (maji usiweke, yakivutwa yanaingia kwenye silinda) na kila ncha ikaenda kwenye upande wake wa injini. Upande unaovuta zaidi unapandisha oili juu. Mpira uwe mrefu kuliko unavyodhani, na ncha zake tulizibana kidogo ili oili isiruke ruke. Kwanza kebo za akselereta ziwe zinafungua pamoja, alafu skrubu za sailensi, robo mzunguko, subiri, angalia, alafu unapandisha mpaka 2,500 unaangalia tena. Oili ikasimama levo moja pande zote na mtetemo ukaondoka, mpaka yule dogo akadhani tumezima. Kitu cha elfu chache cha fundi ujenzi kimefanya kazi ya geji za kutoka Ulaya.

Tukapima na mifumo ya moto. Unapandisha 4,000 unazima mmoja, mizunguko ishuke isizidi 300, unaurudisha, unazima wa pili, na tofauti kati ya hizo mbili isizidi kama 115. Ikapita. Hapa niseme kitu kimoja kwa msisitizo maana watu wanapenda kwenda kushika propela wapige picha. Swichi ya moto kwenye hizi injini haikati umeme, inazima kwa kuunganisha na erthi. Waya wa swichi ukikatika, moto UPO hata kama swichi imezimwa. Propela ya ndege yoyote, popote, hata ukutani kwa fundi, ichukulie iko hai.

Basi hapo tukadhani tumemaliza. Mzee akataka kuiendesha muda mrefu kwenye mizunguko ya juu, 5,000 na kuendelea. Ikaenda vizuri, tamu, dakika zikapita, alafu presha ya petroli ikaanza kushuka. Haikuruka, ilishuka pole pole, kutoka bar 0.3 ikateremka mpaka ikapita 0.15 ambayo ndo mwisho inaoruhusiwa, injini ikaanza kumisi, ikazima. Tukasubiri kidogo tukapiga, ikawaka kama hakuna kilichotokea. Kwenye sailensi ungeiacha asubuhi mpaka jioni haizimi. Pandisha juu, baada ya muda inakufa.

Kambi zikawa mbili. Ya kwanza ilisema mvuke. Joto la Mwanza, petroli ya gari, bomba limepita karibu na ekzosi, petroli inachemka ndani ya mpira, pampu inavuta mapovu. Hoja nzuri, maana ukisubiri ikapoa inawaka, na mvuke ndo tabia yake hiyo. Ya pili ilisema pampu. Mzee alikuwa wa mvuke, tukafunika mpira kwa soksi ya kuzuia moto, tukakagua ule mpira wa kurudisha petroli kwenye tenki wenye kijitundu kidogo cha milimita 0.35 ambao kazi yake ni kuondoa mvuke huo, kisafi. Tukajaribu tena alfajiri kabla jua halijatoka, kuna ubaridi na umande kwenye bawa. Ikazima vilevile.

Kuna jambo lilinikaa kichwani. Siku tuliyojaza tenki mpaka juu ndo ilizima mapema zaidi. Siku tenki lilipokuwa nusu, ilichelewa. Kwa akili ya kawaida ingekuwa kinyume, tenki lililojaa ndo lenye kusukuma vizuri.

Sasa kuna fundi wa mashine za mitumbwi, yuko mwalo wa Kirumba, maisha yake yote ni Yamaha za farasi 40 na dagaa. Alikuja kuleta oili ya boti tu. Akasimama pembeni, ikazima mbele yake, akauliza "pumzi mmefungua?". Mi nikamwelewa nusu. Akaeleza kwamba lile tenki jekundu la boti lina skrubu kwenye mfuniko, mvuvi akisahau kuifungua anaondoka mwaloni vizuri kabisa, akifika kwenye maji makubwa mashine inazima, na wageni wote wanafungua kabureta humo humo ndani ya mawimbi. Mzee akamjibu kwa heshima, "hapana ndugu yangu, hii haina skrubu, ina bomba la pumzi linatokea chini ya bawa, na liko wazi nimeliangalia mwenyewe." Na kweli liko wazi, mi pia nilitia kidole. Fundi akasema sawa, wenye ndege ni nyie, ila legezeni mfuniko muone.

Kulegeza mfuniko ni bure. Tukaiwasha, tukapandisha, tukasubiri presha ianze kushuka, ikaanza, nikazima mi mwenyewe nikapanda ngazi nikafungua mfuniko wa tenki. Fyuuuu, hewa ikaingia ndani, alafu bawa likatoa mlio PO! kama debe la mafuta linapojirudi. Fundi wa Kirumba hakusema kitu, aliendelea kula muhogo wake. Tukaendesha tena mfuniko umelegezwa, mizunguko ileile, joto lilelile la mchana, mzee anaangalia saa mpaka akachoka kuiangalia. Haikuzima.

Tukatoa lile bomba la pumzi zima. Ncha ya nje wazi. Ndani, karibu na kona, kulikuwa na kizibo cha udongo mwekundu, laini, kimejengwa vizuri kwa mpangilio, na ndani ya udongo kuna kibuu na buibui wawili waliolala. Nyigu. Wale weusi wenye kiuno chembamba wanaobeba tope mdomoni, ndege imekaa bandani miezi, tundu la milimita chache linalotazama chini, kivuli, hakuna upepo, angejenga wapi kwingine. Nilipopuliza bomba kwa mdomo hewa ilipita kwa shida sana, lakini ilipita, na hicho ndo kilichotudanganya sote.

Piga hesabu. Injini hii ikiwa nguvu zote inakunywa kama lita 27 kwa saa. Hiyo ni mililita saba na nusu kila sekunde, na kila mililita ya petroli inayotoka, hewa ya kiasi hicho lazima iingie tenkini. Kwenye sailensi inakunywa kidogo tu, ile hewa inayopenya kwenye udongo inatosha, kwahiyo inaenda siku nzima. Pandisha juu, petroli inatoka haraka kuliko hewa inavyoingia, tenki linaanza kunyonywa, bati linabonyea kwa ndani, pampu inashindana nalo mpaka inashindwa. Ukizima ukasubiri hewa inapenya taratibu, mvuto unaisha, inawaka. Na la tenki lililojaa nalo likajibika, tenki likijaa nafasi ya hewa juu ni ndogo, ukitoa lita chache tu mvuto unakuwa mkubwa. Likiwa nusu kuna hewa nyingi ya kutanuka, inachukua muda. Na tulikuwa tunatumia tenki la kushoto peke yake, la kulia lilikuwa halijaunganishwa, vinginevyo la pili lingelisaidia mwenzake na tungegundua hili siku mbaya zaidi.

Kambi ya mvuke haikukosea yote, hili lazima niwape. Petroli ikinyonywa hivo inachemka kwenye joto la chini kuliko kawaida, kwahiyo huenda mapovu yalikuwepo kweli, ila yalikuwa matokeo. Soksi ya kuzuia moto tumeiacha, haina hasara. Jinsi ya kuyatofautisha kwenye geji, kwa nilivyoona na nilivyofundishwa, mvuke unafanya sindano icheze cheze, juu chini, na pumzi iliyoziba inaishusha taratibu bila kutetemeka. Ila kipimo cha kweli ni mfuniko.

Sa hivi kila tundu la ile ndege lina kizibo chekundu chenye utepe mrefu, pumzi za tenki zote mbili, pito (bomba la kupimia mwendo), mdomo wa bomba la oili, hata ekzosi. Na kwenye ncha za pumzi tumeweka wavu mdogo wa chuma. Wavu nao una lawama yake, mwingine atasema unaziba kwa vumbi, sawa, ndo maana uko kwenye orodha ya kuangalia kila siku. Nyigu haonekani anapoingia ila wavu wenye vumbi unauona.

Kitu kingine cha huku kwetu ambacho mwongozo haukijui ni wale wadudu wa ziwani. Mnaokaa Kirumba, Igombe au Luchelele mnajua, wanapanda kutoka majini wingu jeusi zima, wanahama na upepo, wakifika nchi kavu taa zote zinafunikwa na asubuhi unafagia kwa pepeto. Hawaumi. Ila siku moja tuliwasha injini jioni wakiwa wamekuja, joto la maji likawa linapanda bila sababu, kulanti iko, mfuniko wa tenki la maji mzima, nikaangalia rejeta kwa tochi nikakuta mapezi yote yamejaa vimabawa vilivyokauka, kama nywele. Nikaosha kwa maji ya presha ndogo kutoka nyuma kwenda mbele (presha kubwa inakunja mapezi) joto likarudi. Filta za hewa nazo zilikuwa na blanketi. Ukomo wa joto la oili kwenye hii ni nyuzi 130 lakini mzee ameandika kwa wino mwekundu 110 kwenye geji na mi naungana naye, ukiisubiri 130 unaisubiri nini?

Kilichobaki sa hivi ni propela. Panga zake zinarekebishika ardhini, unalegeza bolti, unageuza, unapima pembe, unakaza. Ndege ikiwa imefungwa kwenye mti na akselereta mpaka mwisho tunapata mizunguko chini ya 5,100, na tunataka ipite 5,200 ikiwa imesimama. Jirani yetu mmoja anasema ni mwinuko, ziwa liko mita 1,134 juu ya bahari, injini inakosa hewa. Nguvu zimepungua kweli, hiyo farasi 100 ni ya Dar, hapa uko chini ya 90, na mchana wa nyuzi 30 hewa inakuwa nyepesi kana kwamba uko mita 1,900 na ushee. Lakini propela nayo inapiga hewa hiyohiyo nyepesi, mzigo wake umepungua pamoja na nguvu, kwahiyo mizunguko ikiwa imesimama haibadiliki sana kwa mwinuko. Kitakachobadilika ni urefu wa kukimbia kabla ya kuinuka, na hiyo hesabu ni ya rubani. Mi naona panga zimefungwa kwa pembe kubwa mno, zinauma hewa sana.

Jumamosi tunapunguza nusu digrii kila panga, tunapima zote kwa levo ya kidijitali maana zikipishana mtetemo unarudi, alafu tunafunga kamba ya nanga tunapandisha tena. Anayejua pembe nzuri ya kuanzia kwa propela ya panga tatu kwenye 912 akiwa mwinuko huu aandike hapo chini, na tafadhali mtu asiniambie nifungue kabureta.